Nahodha wa Kuhamia

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo linalowakosesha usingizi makocha wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani kila msimu unapokwisha. Jambo lenyewe ni kumpata mchezeshaji anayehama kutoka chuo kingine. Najua wapo watakaouliza: hayo yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, alikichezea Chuo Kikuu cha Connecticut tangu 2006 hadi 2009, na kutoka hapo akawa wa pili kuchaguliwa katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA wa 2009. Wapo vijana wengi katika miji yetu wanaoota kupita njia hiyo hiyo. Ni vizuri wajue kwamba njia yenyewe imebadilika sana.

Kwanza tuelewane. Mchezeshaji, au pointi gadi kama wanavyomwita viwanjani, ndiye anayeupandisha mpira na kuamua nani apewe, wapi na wakati gani. Thabeet alikuwa na urefu wa futi 7 na inchi 3, lakini mrefu hajipi mpira mwenyewe. Machi 2008, mchezeshaji wa Connecticut, A. J. Price, aliumia goti katika mchezo wa kwanza wa mashindano ya taifa dhidi ya San Diego. Timu yake ikafungwa 70 kwa 69 katika muda wa nyongeza. Mwaka uliofuata Price alikuwa amepona, Thabeet yuko chini ya goli, na wakafika nusu fainali. Sisemi kwamba tofauti yote ilikuwa goti la mtu mmoja, lakini chombo kisicho na nahodha hakihitaji dhoruba ili kiende mrama.

Houston nao walionja machungu hayo. Machi 2024, katika raundi ya timu 16, mchezeshaji wao Jamal Shead aliumia kifundo cha mguu, wakafungwa na Duke 54 kwa 51. Shead alikuwa amemaliza miaka yake minne, akaenda NBA. Kocha Kelvin Sampson akamchukua Milos Uzan kutoka Oklahoma. Mwaka mmoja baadaye, katika raundi ile ile, ni Uzan huyo mgeni aliyefunga goli la ushindi dhidi ya Purdue, 62 kwa 60, ikiwa imesalia chini ya sekunde moja. Houston wakaenda hadi fainali.

Sasa tutazame soko lenyewe lilivyo. Zamani mchezaji wa kikapu aliyehama chuo alilazimika kukaa benchi mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kucheza. Oktoba 2018 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kilianzisha orodha ambayo mchezaji akijiandikisha, kocha yeyote anaweza kumfuata. Mwaka 2021 wakaruhusiwa kuhama mara moja na kucheza bila kungoja. Mwaka 2024 wakaruhusiwa kuhama mara nyingi, mradi masomo yao yawe sawa. Tangu Julai 2021 wanaweza kulipwa kwa matangazo yanayotumia majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vimeruhusiwa kuwalipa. Kwa mwaka wa kwanza wa mpango huo kiwango cha juu kiliwekwa karibu dola milioni 20.5 kwa michezo yote ya chuo kimoja.

Matokeo yake ni gulio. Mwaka 2025 dirisha lilifunguliwa tarehe 24 Machi na kufungwa 22 Aprili, wakati fainali yenyewe ilichezwa 7 Aprili. Maana yake, kocha aliyekuwa bado mashindanoni alipaswa kuwaandaa vijana wake kwa mchezo wa kesho huku akipiga simu kutafuta watakaochukua nafasi zao. Zaidi ya wachezaji 2,000 waliingia katika orodha, na timu za daraja la kwanza zimezidi 350.

Wapo wanaowaita vijana hawa wasaliti. Mimi simo. Mwaka 2023 kocha Rick Pitino aliondoka chuo kidogo cha Iona akaenda St. John's, na hakuna aliyemwambia akae mwaka mzima bila kufundisha. Mchezaji wake, Walter Clayton, naye akaondoka, akarudi jimboni kwao Florida. Ikiwa mwalimu ana haki ya kufuata malisho, mwanafunzi naye anayo.

Lakini haki ya kuhama ni jambo moja, na kumchagua anayehama ni jambo lingine. Hapo ndipo makocha wengi wanapopotea, kwa sababu hutazama pointi. Tristen Newton alipokuwa East Carolina alikuwa akifunga zaidi ya pointi 17 kwa mchezo. Alipohamia Connecticut mwaka 2022, wastani wake wa msimu wa kwanza ulishuka hadi kama pointi 10. Mtu wa hesabu za juu juu angesema wameuziwa mbuzi kwenye gunia. Connecticut walitwaa ubingwa mwaka 2023, wakautwaa tena 2024, na katika ubingwa wa pili Newton ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa hatua za mwisho. Alifunga kidogo kwa sababu alikuwa akiwalisha wenzake.

Kwa hiyo ningekuwa kocha ningeuliza mambo matatu. La kwanza, kwa kila mpira anaoupoteza, anatoa pasi ngapi zinazozaa goli? La pili, dakika mbili za mwisho, miguu ikiwa mizito na ukumbi ukipiga kelele, anafanya nini? Clayton hakufunga hata pointi moja katika kipindi cha kwanza cha fainali ya 2025. Kipindi cha pili alifunga 11, na katika sekunde za mwisho aliruka kumzuia mpigaji wa Houston hadi yule akaudondosha mpira. Florida wakashinda 65 kwa 63. La tatu, kwa nini anahama? Anayekimbia kukosolewa atakukimbia na wewe.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mchezeshaji mgeni hupewa jembe siku ya kwanza. Anaingia katika nyumba ya watu na papo hapo anatakiwa awaamrishe wenyeji. Wasipomkubali, hata awe na mikono ya dhahabu, pasi zake zitapokelewa na watu waliosimama.

Na yapo maumivu yasiyoandikwa katika magazeti ya michezo. Vyuo vidogo vinamlea kijana, akikomaa anachukuliwa. Kijana naye, akishaandika jina lake katika orodha, chuo chake kinaweza kuufuta ufadhili wake muhula unapokwisha. Kila mwaka wapo wanaobaki bila pa kwenda. Wengine wanapata chuo, lakini sehemu ya masomo waliyokwisha kufaulu haikubaliwi huko, wakarudi nyuma. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Ndiyo maana nawageukia wazazi wa hapa kwetu. Kocha anayeweza kumpata mtu wa miaka 22 aliyekwisha pikika, haoni haraka ya kumchukua wa miaka 18 kutoka mbali. Na zile fedha za matangazo msizihesabu mapema, kwa sababu mgeni aliyeingia Marekani kwa viza ya mwanafunzi amewekewa mipaka mikali ya kufanya kazi ya malipo. Akija mtu na barua ya chuo, msiulize jina la chuo tu. Ulizeni mkataba wa kocha unakwisha lini, mtoto atasoma nini, na akihama masomo hayo yatatambuliwa wapi. Wala msidharau chuo kidogo. Newton alikaa East Carolina miaka mitatu, Clayton alikaa Iona miwili, na huko ndiko walikopata dakika za kucheza zilizowafanya watafutwe.

Mpira utasimama siku moja, kwa goti au kwa umri. Siku hiyo kijana ataulizwa cheti, na cheti hakina dirisha la uhamisho.

Kwa leo naishia hapo, ndugu msikilizaji. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.