MAZUNGUMZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI WA MBAMBA BAY: KUJITETEA MAHAKAMANI KWA MSAADA WA WAKILI KATIKA SEHEMU TU YA SHAURI



Wengi hudhani kuwa mwenye shauri ana njia mbili tu: kumlipa wakili tangu mwanzo hadi mwisho, au kusimama peke yake bila msaada wowote. Dhana hiyo si sahihi. Ipo njia ya tatu, nayo ni mtu kujitetea mwenyewe na kumwendea wakili kwa kazi moja au mbili zilizo nzito.

Uchukuliwe mfano wa mjane wa mwambao huu wa Ziwa Nyasa. Mahakama ya Mwanzo imeamua shauri la mirathi, na nyumba, shamba la mihogo na mtumbwi vimekwenda kwa ndugu za marehemu. Mjane huyo anayo haki ya kukata rufaa Mahakama ya Wilaya, lakini ndani ya siku 30. Siku hizo zikipita, hana budi kuomba kwanza kuongezewa muda na kueleza sababu ya kila siku aliyochelewa. Kutojua sheria hakukubaliwi kuwa sababu.

Fedha za kumlipa wakili kwa shauri zima hana. Hata hivyo, aweza kumlipa asome hukumu, amweleze kama rufaa ina msingi, na aandike sababu za rufaa. Siku ya kusikilizwa, mjane atasimama na kusema mwenyewe. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, hivyo hapaswi kuogopa.

Anayefuata njia hii hana budi kuzingatia mambo yafuatayo:

(a) Makubaliano na wakili yawe kwa maandishi: kazi ipi, malipo kiasi gani, na inaishia wapi. Ielezwe wazi ni nani atakayepeleka hati mahakamani na nani atakayefuatilia tarehe. Mashauri mengi huharibika pale kila mmoja anapomtegemea mwenzake.

(b) Sheria ya Mawakili yataka hati iwe na jina na anwani ya aliyeiandaa. Anayepokea malipo na kukataa kuandika jina lake huenda akawa kishoka, naye aepukwe.

(c) Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Hao huelimisha na kuelekeza bila malipo, lakini hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani.

(d) Mawakili walikuwa hawaruhusiwi katika Mahakama za Mwanzo. Tangu mwaka 2021 wanaruhusiwa pale tu shauri linaposikilizwa na Hakimu Mkazi. Hivyo katika mahakama nyingine za ngazi hiyo, msaada wa wakili hutolewa nje ya chumba cha mahakama.

Ndugu Watumishi, mwananchi mwenye hukumu mkononi hufika kwanza katika ofisi ya kijiji au ya kata. Akiambiwa arudi kesho, naye akatii, siku moja kati ya 30 imekwisha kupotea. Kwa hiyo kila mtumishi anaombwa aitazame kwanza tarehe ya hukumu hiyo, kisha amwelekeze mwananchi siku hiyo hiyo.