Kusema yaliyo moyoni kwa Kiingereza

Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu wa makundi ya Kiingereza, vijana na mama wa vikundi vya amani, mashariki mwa Kongo



Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, kumbe lina uzito mkubwa: namna ya kueleza tunavyojisikia na tunavyofikiri katika lugha ambayo hatukunyonya pamoja na maziwa ya mama, yaani Kiingereza.

Labda mtu atauliza: Kiingereza na amani vinahusiana wapi? Sisi Wakongomani tuna lugha 4 za taifa, ndizo Kiswahili, Lingala, Kikongo na Tshiluba, na tena Kifaransa ni lugha ya serikali. Je, hizo hazitoshi?

Zinatosha kwa mambo mengi. Lakini tuangalie maisha yetu. Mama anayevuka mpaka wa Kasindi kwenda kununua vitu Uganda anakuta karatasi za ushuru zimeandikwa kwa Kiingereza. Ndugu zetu wengi waliokimbia vita wako Uganda, na watoto wao wanasoma kwa lugha hiyo. Rwanda iliamua mwaka 2008 kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza. Mwaka 2022 nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mkataba wa Jumuiya hiyo wa mwaka 1999 ulitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi. Zaidi ya hayo, wageni wengi wanaokuja kutuuliza habari za vita wanarudi kwao na kuandika ripoti kwa Kiingereza. Basi hata mama asiyejua neno moja la lugha hiyo, uchungu wake unasafiri ndani yake. Swali ni hili: je, unafika ukiwa mzima?

Mashuleni watoto wetu wanafundishwa majina ya vitu, na nyakati za vitenzi. Mwanafunzi anaweza kukuambia kwamba kitabu kiko juu ya meza. Lakini ukimwuliza moyo wake ukoje, anajibu "I am fine", hata kama jana amemzika ndugu yake. Hakosi akili wala hisia. Hakufundishwa maneno ya moyoni.

MOYO HAUNA KAMUSI MOJA

Katika Kiswahili chetu tunasema: niko na hasira, niko na woga, nasikia aibu, nasikia huzuni. Kifaransa nacho kinasema mtu "ana" woga. Kwa hiyo wengi wetu tukianza Kiingereza tunasema "I have fear". Mwingereza hasemi hivyo. Yeye anasema "I am afraid", kana kwamba mtu mwenyewe amekuwa woga ule. Kosa hili si baya, maana yake inaeleweka. Kuna mengine yanayoumiza.

Chukueni neno letu "roho inaniuma". Mkalimani akilipeleka neno kwa neno, mgeni anasikia kwamba mama huyu ana ugonjwa wa moyo, na ataandika kwamba anahitaji daktari. Kumbe mama alisema kwamba anaomboleza. Afadhali aseme "I am grieving", au kwa maneno mepesi, "I am very sad".

Chukueni "uchungu". Kwetu uchungu ni maumivu, ni huzuni, na wakati mwingine ni hasira. Ukisema kwa Kiingereza "I am bitter", unaonekana mtu mwenye kinyongo, mtu anayetunza kisasi. Mjane aliyepoteza mume wake anaweza kuonekana hataki mapatano, naye hakusema hivyo hata kidogo.

Chukueni pia "aibu". Neno hili linahitaji uangalifu kupita yote. Sisi tunasema aibu kwa mtoto anayejificha nyuma ya nguo ya mama yake. Tunasema aibu kwa mtu aliyeanguka mbele ya watu. Tunasema aibu kwa mtu aliyetenda uovu. Kiingereza kinayagawa mambo hayo: wa kwanza ni "shy", wa pili ni "embarrassed", wa tatu ni "ashamed". Sasa fikirini mama aliyetendewa ukatili anasema, "Nasikia aibu kueleza." Mkalimani akitafsiri upesi "I am ashamed" na kunyamaza hapo, msikilizaji anaweza kufikiri kwamba mama anajiona mwenye kosa. Lakini kosa si lake. Labda alitaka kusema kwamba ni vigumu kutaja mambo haya mbele ya watu: "It is hard for me to speak about this." Neno moja linaweza kumtwisha mama huyu mzigo wa yule aliyemtesa.

Na "pole" je? Kwetu mtu yeyote anaweza kukuambia pole: jirani, mpita njia, hata mtoto. Hakubali kosa lolote, anashiriki tu taabu yako. Tukiomba msamaha tunatumia neno lingine. Kiingereza kinatumia "sorry" kwa yote mawili. Ndiyo maana katika vikao vya mapatano ni lazima kuuliza: huyu anayesema "sorry", ananipa pole au anaomba msamaha? Watu wameachana kwa hasira kwa sababu upande mmoja ulifikiri umeombwa msamaha, na upande mwingine ulitoa pole tu. Anayetaka kutoa pole aongeze maneno: "I am sorry for your loss." Anayeomba msamaha aseme wazi: "I did wrong. Please forgive me."

MANENO YA KIFARANSA YANAYOTUDANGANYA

Sisi tuliosoma Kifaransa tuna hatari ya pekee. Kiingereza kimejaa maneno yanayofanana na ya Kifaransa kwa sura, lakini tabia zao ni tofauti, kama mapacha waliolelewa katika nyumba mbili.

Kwa Kifaransa "demander" ni kuomba au kuuliza. Kwa Kiingereza "demand" ni kudai kwa nguvu. Kijiji kikiandika barua na kusema "we demand water", msomaji anaona watu wakali. Kijiji kilitaka kuomba tu: "we ask for water".

Kwa Kifaransa "déception" ni huzuni ya mtu aliyetumaini kitu na asikipate. Kwa Kiingereza "deception" ni udanganyifu. Ukimwambia mgeni juu ya "deception" umemwita mwongo, na wewe ulitaka kusema "we are disappointed".

Kwa Kifaransa "ignorer" ni kutojua. Kwa Kiingereza "ignore" ni kudharau kwa makusudi. Mtu akisema "I ignored your suffering", anakiri ubaya ambao hakuutenda. Alitaka kusema "I did not know".

Kwa Kifaransa "énervé" ni mtu aliyekasirika. Kwa Kiingereza "nervous" ni mtu mwenye wasiwasi. Kijana anayesema "I am nervous" akifikiri ameonyesha hasira yake, ataambiwa, "Usiogope, keti." Hapo hasira inaongezeka.

NDIYO NA HAPANA

Mtu akikuuliza kwa Kiswahili, "Hukuwaona askari?" nawe hukuwaona, unajibu, "Ndiyo, sikuwaona." Unakubali maneno ya aliyeuliza. Kwa Kiingereza jibu ni kinyume: "No, I did not see them." Mtu akijibu "Yes" peke yake, anaweza kuandikwa kwamba aliwaona. Katika mahojiano ya mkimbizi au ya shahidi, jambo hili linaweza kugeuza maisha ya mtu. Basi tuwafundishe watu wetu wasijibu kwa neno moja. Waseme sentensi nzima: "I did not see them." Hapo hakuna shaka tena.

KUTOA WAZO BILA KUMPIGA MTU

Sasa tuje kwenye mawazo. Wazee wetu barazani hawampingi mtu usoni. Mtu anasimama, anaomba ruhusa, anawashukuru waliotangulia kusema, kisha anasema, "Mimi naona hivi." Vijana wengi wanafikiri kwamba Kiingereza hakina heshima ya namna hiyo, kwa sababu wanakisikia katika filamu za vita. Si kweli. Nacho kina mlango wake wa heshima: "With respect, I see it differently." "I understand your point, but I think..." "I am not sure about that." Haya ndiyo maneno ya baraza.

Wengine wakitaka kupinga wanasema "You are lying". Sisi kwa kawaida tunaweza kumtania rafiki, "Wee, uongo!" na sote tukacheka. Kwa Kiingereza maneno yale ni tusi zito. Semeni "I don't think that is correct."

Angalieni pia neno "must". Tukifikiri kwa "lazima" au kwa "il faut" ya Kifaransa, tunasema ovyo "you must", nalo linasikika kama amri ya mkubwa kwa mdogo. Kuna "should" kwa shauri, na "we would like" kwa ombi.

Na mkisikia mgeni akisema "I am afraid I cannot agree", msifikiri kwamba anaogopa. Hapo "I am afraid" ni njia ya upole ya kukataa tu. Mkalimani asije akawaambia wazee kwamba mgeni anatetemeka!

Lakini, ndugu, msituelewe vibaya. Hatusemi kwamba mtu afiche hasira yake ili wageni wapendezwe. Aliyeporwa mbuzi wake ana haki ya kusema "I am angry". Aliyechomewa nyumba ana haki ya kusema "This was unjust". Heshima si kuinama. Tunataka neno kali litoke pale tulipolikusudia, lisitoke kwa bahati mbaya.

Jambo jingine ni kutenganisha mambo matatu: niliyoona, niliyosikia, na ninayofikiri. Kwetu "wanasema" inaweza kubeba yote, na uvumi umekwisha kuua watu katika nchi hii. Kwa Kiingereza tujizoeze kusema "I saw", "I heard", "I think", kila moja mahali pake. Zoezi hili ni jema hata kwa Kiswahili.

TUFUNDISHE NAMNA GANI?

Mwalimu mmoja wa Marekani, Marshall Rosenberg, aliyefariki mwaka 2015, alifundisha hatua 4 za mazungumzo yasiyo na ukali: sema ulichoona, sema unavyojisikia, sema unachohitaji, kisha toa ombi. Sisi tunaona hatua hizi zinafaa sana kwa makundi yetu ya Kiingereza. Tuchukue mkulima na mfugaji. Mkulima aseme:

"Yesterday your cows entered my field. I am worried. My children need this food. Can we talk about the path of the cows?"

Ni sentensi 4 fupi, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaziweza. Humo hamna tusi wala kabila la mtu. Rosenberg alionya pia kwamba kusema "I feel that you despise us" si kutaja hisia, ni kumhukumu mwenzako. Hisia ni "I feel hurt".

Kwa hiyo tunawashauri walimu mambo haya:

Kwanza, anzeni kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Mtu asiyeweza kutaja hisia zake kwa lugha ya mama yake hataweza kwa lugha ya mgeni.

Pili, tengenezeni daftari la maneno ya moyoni, mkiyapanga kwa nguvu zake. Kwa hasira, andikeni "annoyed", kisha "angry", kisha "furious". Kwa woga, "worried", "afraid", "terrified". Mwanafunzi achague kipimo chake mwenyewe.

Tatu, fanyeni mchezo wa watu 3: mmoja anaeleza, mmoja anatafsiri, mmoja ni mgeni. Mgeni arudie alichoelewa. Anayeeleza aseme kama ndivyo. Kisha mbadilishane. Mtashangaa kuona ni mara ngapi maneno yanapotea njiani.

Nne, msimlazimishe mtu kusimulia msiba wake darasani. Tumieni mifano ya sokoni, ya shamba, ya mpira. Darasa la Kiingereza si mahakama wala hospitali. Mwenye jeraha atasema siku yake, kwa mtu wake.

Tano, mfundisheni kila mtu sentensi hizi 3 kabla ya nyingine zote: "I do not understand." "Please say it again." "That is not what I mean." Mwenye sentensi hizi hawezi kuandikiwa maneno ambayo hakuyasema.

Mwisho, mtu asidhani kwamba bila Kiingereza sauti yake haina thamani. Daktari Denis Mukwege wa Bukavu alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani huko Oslo mwezi wa Desemba 2018, alihutubia kwa Kifaransa, na dunia ilimsikia. Kila mtu ana haki ya kuomba mkalimani. Kujifunza Kiingereza ni kuongeza mlango mwingine kwenye nyumba, bila kubomoa ile iliyokuwapo. Ila mlango huo ukishafunguliwa, tupite sisi wenyewe, na hasira yetu iitwe hasira, huzuni yetu iitwe huzuni, na shauri letu lisikiwe kama shauri la watu wenye akili zao.

Basi mkirudi kwenye makundi yenu, wiki hii msianze somo kwa "How are you?" na "I am fine". Ulizeni "How do you feel today?", kisha ngojeeni jibu. Hata likichelewa, ngojeeni.