Tumbo la Mja Mzito na Tamaa ya Udongo

Hapana mtu aliyepata kukaa nyumba moja na mwanamke mja mzito asiyejua kwamba tumbo lake hugeuka tabia. Chakula alichokipenda jana, leo harufu yake tu yamtoa jikoni. Mate humjaa kinywani hata akawa hana budi kuweka kopo la kutemea kando ya kitanda. Kiungulia humpanda usiku, choo huwa kigumu, na katikati ya taabu hizo huingiwa na tamaa ya kitu kisicho chakula kabisa, yaani udongo. Katika masoko ya Kisumu na Nairobi udongo huo huuzwa kwa mafungu kama viazi. Wajaluo huuita odowa.

Asili ya mageuzi haya si uchawi wala si deko. Kondo la nyuma, ambalo ndilo limlishalo mtoto tumboni, hutoa homoni iitwayo projesteroni, na kazi yake mojawapo ni kuituliza misuli ya tumbo la uzazi isije ikamtoa mtoto kabla ya wakati wake. Lakini homoni haichagui msuli. Huenda na damu mwili mzima, ikalegeza misuli ya matumbo pia. Chakula hukawia humo, na maji yake hunyonywa kupita kawaida, ndipo choo kikawa kikavu. Mlango wa juu wa mfuko wa chakula nao hulegea, na uchachu hupanda kifuani. Kichefuchefu huanza aghalabu juma la 6, na kwa walio wengi hupungua kabla ya juma la 20. Mwezi wa Desemba 2023 wataalamu wa Cambridge na wenzao wa nchi nyingine walitangaza kuwa homoni iitwayo GDF15, itokayo kwa mtoto na kondo lake, huchangia sana kutapika huku, na ya kuwa mama ambaye mwili wake haukuizoea kabla ya mimba huteseka zaidi. Basi mume amwambiaye mkewe kwamba anajidekeza amekosea, na afadhali akachote maji.

Juu ya udongo yafaa kusema kwa urefu, kwa kuwa ndilo jambo linalofichwa. Wako waufungao katika pindo la leso wakaula peke yao, watu wakiisha kulala. Uchunguzi uliofanywa Kilifi na kutangazwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya waja wazito walioulizwa walikuwa wakila udongo mara kwa mara, na miili ya walaji hao ilikuwa na akiba ndogo zaidi ya madini ya chuma, ambayo ndiyo hujenga damu. Akina mama wenyewe wa Kilifi walipohojiwa waliutaja udongo pamoja na upungufu wa damu, safura na minyoo. Hawakungoja daktari awafunulie. Lililo gumu ni kujua lipi limemtangulia mwenziwe. Yawezekana damu ikipungua tamaa huja, na udongo ukiisha kuliwa hushika madini ya chuma ndani ya matumbo yasiingie mwilini, damu ikapungua tena. Zaidi ya hayo udongo hukaza choo, huweza kuwa na mayai ya minyoo, na mwingine una risasi, madini yenye sumu yamdhuruyo mtoto. Kuuchoma motoni huua mayai ya minyoo, lakini risasi hubaki vile vile.

Hapa ndipo hatari ilipo. Kliniki humpa mja mzito kidonge cha kuongeza damu cha kila siku, chenye miligramu 60 za chuma pamoja na asidi ya foliki. Kidonge hicho nacho huweza kukaza choo, tena hukigeuza cheusi. Mama akiona weusi ule huogopa, akavitupa vidonge na kubaki na odowa. Weusi huo hauna madhara yoyote. Lakini siku ya kujifungua kila mwanamke hutokwa na damu, na kiasi ambacho mwenye damu ya kutosha hukistahimili huweza kumwua yule aliyekwisha kupungukiwa.

Kwa hiyo mkunga aambiwe waziwazi habari za udongo, wala mkunga mwema hatamcheka mtu. Atampima damu, na mimba ikipita miezi mitatu atampa dawa ya minyoo. Kidonge kimezwe kwa maji, wala si kwa chai, maana chai nayo huzuia chuma. Maharagwe, sukuma wiki, papai na maji mengi hulainisha choo. Kiungulia hupungua mtu akila kidogo kidogo, asilale mara tu baada ya kula.

Mageuzi mengine si ya kuvumiliwa. Mwanamke atapikaye hata maji, na mkojo wake ukawa haba, apelekwe hospitali. Awashwaye viganja na nyayo pasipo upele, hasa usiku, huenda ini lake lina kasoro. Na baada ya juma la 20, maumivu chini ya mbavu za kulia, pamoja na kuumwa kichwa sana au macho kuona ukungu, si kiungulia: huweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba kinachokaribia, na mgonjwa huyo apelekwe hospitali usiku uo huo, bila kungoja kupambazuke.