Korongo Wanaporudi Kaskazini

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika na wageni kutoka Ujerumani)



Nimeombwa nizungumzie kalenda ya kilimo. Naomba nianze na ndege.

Mwishoni mwa mwaka na mwanzoni mwa mwaka mpya, korongo weupe hutembea mashambani mwetu wakiokota panzi na viwavijeshi. Masika yanapokaribia, huondoka. Hupaa kwa msaada wa hewa ya joto, hufuata bonde la Nile, kisha huzunguka Bahari ya Kati upande wa mashariki, kwa sababu ni vigumu kwao kuvuka maji mengi. Baada ya safari ya zaidi ya kilomita 6,000 hufika Ujerumani, wengi wao mwishoni mwa Machi na Aprili.

Zamani watu wa Ulaya hawakujua ndege hawa hukimbilia wapi wakati wa baridi. Wapo waliodhani kuwa mbayuwayu hulala chini ya maziwa. Mwaka 1822, karibu na Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, alipatikana korongo aliyechomwa shingoni na mkuki wa Kiafrika, naye ameruka nao hadi huko. Mpaka leo amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kumbe alikuwa mjumbe wa kwanza wa ushirikiano wetu!

Kwa wageni wetu, korongo ni dalili ya majira ya kuchipua. Theluji huyeyuka, vyura huanza kulia, miti ya matunda huvaa maua, na watu hutoka nje kuota jua. Lakini majira hayo ni kigeugeu. Wajerumani wenyewe husema kwamba Aprili hufanya itakavyo: asubuhi jua, mchana mvua ya mawe, usiku sakitu. Mwezi Aprili 2017 maua yalikuwa yamechanua mapema, ikaja sakitu ikayaunguza, na mavuno ya matufaa yakashuka sana. Ndiyo maana wakulima wengi wa Altes Land, karibu na Hamburg, hukesha wakinyunyizia maua maji. Maji yanapoganda hutoa joto kidogo, nalo huliokoa ua.

Sasa turudi kwetu. Mvua ya kwanza ya Machi ina raha yake. Vumbi linatulia, udongo unanukia, kumbikumbi wanaruka na watoto wanawakimbilia. Kila mtu anatamani kushika jembe. Hata hivyo mvua hiyo inaweza kunyesha siku mbili, likafuata jua la wiki mbili. Mahindi yaliyochipua yanakauka, na mama aliyekopa mbegu anabaki na deni bila shamba.

Ndugu zangu, uzuri wa siku ya kwanza si ahadi ya msimu mzima. Kwa hiyo naomba mambo matatu.

Kwanza, kamati zifuatilie utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na kuusoma kwa washarika, pamoja na kusikiliza wazee wanaolijua anga la mahali pao.

Pili, mbegu ziwe ghalani mapema, lakini kabla ya kupanda, mkulima achimbe aone kama unyevu umeingia chini. Asipande zote siku moja; abakize za kurudia.

Tatu, kwa wafadhili wetu: taarifa ya robo mwaka ikisema "bado hatujapanda", msidhani watu wamelala. Bajeti ina tarehe, mvua haina. Tunaomba fedha za mbegu zifike kabla ya Machi, na tarehe ya kupanda iachwe mikononi mwa mkulima. Nyinyi mnaolinda maua ya matufaa usiku wa Aprili mnaelewa vizuri zaidi kuliko wengine.