Kemia Haifundishwi Ubaoni Tu

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, lawama huishia kwa kemia: eti somo gumu. Mimi naanza na hesabu ya uwiano. Gramu 40 za kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni, ni moli 1; gramu 4 je? Anayekwama hapo, kukariri jedwali la elementi hakutamwokoa.

Halafu kuna mkono. Asidi hushuka kutoka kwenye bureti tone kwa tone ndani ya myeyusho wa soda hiyo, mpaka methili oranji, kiashiria chake, iache unjano na kuwa rangi ya chungwa. Tone moja likizidi, inageuka nyekundu, unaanza upya. Shule zinazofungua maabara mtihani ukikaribia, na zipo, zinunue bureti kwanza. Rangi ya geti ingoje.