Mtoto Aliyeitwa Shida

Somo: 1 Mambo ya Nyakati 4:9-10

 

Leo nataka kuzungumza na watu ambao mara chache huhubiriwa. Nazungumza na yule ambaye, mwalimu akianza kuita majina asubuhi, moyo wake hupiga haraka kabla zamu yake haijafika. Nazungumza na yule ambaye, karani wa hospitali akitokeza kichwa dirishani na kulipaza jina lake, watu wote kwenye benchi hugeuka kumtazama. Huyo anaitwa Shida. Au Tabu, au Mashaka, au Majuto, au Sikudhani. Au pengine ana jina zuri kabisa katika lugha ya mamaye, lakini alipofika Nairobi au Mombasa akakuta kwamba kwa Kiswahili lina maana nyingine. Ndugu zetu Wabukusu humwita mtoto Wanyama akizaliwa wakati wa nyama tele. Ni jina la furaha, jina la karamu. Mpeleke Wanyama katika shule ya mjini, nawe utasikia wenzake wakilia kama ng'ombe na mbuzi. Yako na mengine magumu zaidi, ambayo sitayataja hewani.

Utasema, hilo ni jambo dogo. Si dogo kwa mwenyewe. Tuseme yuko msichana katika kwaya yenu. Ninyi nyote mwamjua kwa jina lake la ubatizo tu, Rebeka, kwa maana hilo ndilo alilowapa. Jina la nyumbani amelificha tangu alipoingia shule. Sasa amepata mchumba, na matangazo ya ndoa lazima yasomwe Jumapili tatu, majina yote, mbele ya kusanyiko lote. Anamjia mchungaji jioni, peke yake, anamwomba asome Rebeka tu. Mchungaji anamwambia kwamba haiwezekani. Naye anaanza kufikiri kwamba heri ndoa ingoje. Basi jambo linaloweza kumzuia binti asifike madhabahuni kwa furaha si dogo.

Hebu tuulize, ni nani aliyempa mtoto jina la namna hiyo, na kwa nini? Wengi hudhani ni uzembe au chuki. Mara nyingi sivyo. Zamani, mama aliyekwisha kuzika watoto wawili au watatu aliogopa kumpa wa nne jina zuri. Aliogopa kwamba mauti itasikia. Kwa hiyo Wajaluo walimwita mtoto kama huyo Owiti, au Awiti akiwa msichana, yaani aliyetupwa. Tena ilikuwapo desturi ya kumtupa kwa mfano tu: alilazwa nje, mwanamke mwingine akaja akamwokota kana kwamba hana mwenyewe. Wakamba walimwita Mbiti, yaani fisi. Nani atamwonea wivu mama mwenye fisi? Mauti na ipite, iende zake, hapa hakuna cha kutamani.

Sisi Wakristo hatuamini kwamba mauti hudanganywa kwa jina. Lakini, ndugu yangu, sikiliza kilio kilichomo ndani ya jina hilo. Mama yule hakumdharau mwanawe. Alikuwa akimficha.

Na wengine majina yao ni habari za mwaka waliozaliwa. Wanjala na Nanjala ni watoto wa wakati wa njaa. Shida alizaliwa nyumba ikiwa na shida. Wakikuyu nao humpa mtoto jina la babu au la nyanya, liwe zito au liwe la mzaha. Kihara ni upara; basi utamwona mtoto wa miaka mitatu, nywele tele kichwani, anaitwa Upara kwa heshima ya mzee ambaye labda hata hakumwona. Katika haya yote jina halimwelezi mtoto hata kidogo. Laeleza nyumba aliyoikuta alipofika.

Sasa tufike kwenye somo letu. Yabesi alizaliwa kwa uchungu, na mamaye akampa jina lililosikika masikioni mwa Waebrania kama uchungu wenyewe. Kila alipoitwa kuja kula, aliitwa kwa maumivu ya mamaye. Aliitwa hivyo kisimani, aliitwa hivyo kwa wazee. Biblia haisemi kwamba alilibadili. Inasema kwamba alimwomba Mungu. Aliomba baraka, aliomba nchi pana zaidi, aliomba mkono wa Mungu umlinde, na, angalieni hapa, aliomba kwamba huzuni isiwe fungu lake. Yaani alilichukua jina lake lile lile akalipeleka mbele za Mungu likawa sala. Naye Mungu akampa. Habari hii iko katikati ya orodha ndefu ya ukoo wa Yuda, majina juu ya majina, ambayo wengi wetu huyaruka tusomapo. Mwandishi anakwenda mbio, mwana wa fulani, mwana wa fulani. Akifika kwa mtu mwenye jina la aibu, anasimama kidogo ili atuambie kwamba huyu aliheshimiwa kuwapita ndugu zake.

Yuko mwingine. Raheli alipokuwa akifa kwa uzazi alimwita mtoto Benoni, mwana wa taabu yangu. Yakobo alikuwa amempenda Raheli kuliko watu wote, nasi tungetazamia kwamba atalishika neno lake la mwisho. Hakulishika. Palepale kando ya njia akamwita mtoto Benyamini, mwana wa mkono wa kuume. Alikataa kwamba mtoto abebe kifo cha mamaye kila aitwapo.

Kumbe njia zote mbili zimo katika Maandiko. Nasema hivi kwa sababu kuna Wakristo wanaofundisha kwamba kubadili jina ni kumkana mzazi, na wengine wanaofundisha kwamba kubaki na jina baya ni kubaki chini ya laana. Mimi sikubaliani na hao wala hao. Ukiona jina limekuwa mzigo usioweza kuuchukua, sheria ya Kenya yakuruhusu: wakili atakuandalia hati ya kubadili jina, itaandikishwa kwa msajili, na tangazo litatolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Hapo hakuna dhambi. Zungumza kwanza na wazazi wako kwa upole, kama wangali hai. Na ukitaka kubaki nalo, kaa nalo. Profesa John Mbiti, mchungaji Mwanglikana aliyezaliwa Kitui mwaka 1931 na kufariki mwaka 2019, alikwenda na jina la fisi katika vyuo vikuu vya Afrika na Ulaya. Kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa ya Waafrika kimesomwa duniani kote, na katika uzee wake alitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba kutoka Kiyunani. Katika kazi zake zote jina ni hilo hilo, Mbiti.

Habari ya laana nataka kuongeza neno, kwa maana inawatesa wengi. Mtu atakuonyesha Nabali, ambaye jina lake lilikuwa upumbavu na mkewe mwenyewe akakiri kwamba alifanana nalo. Ni kweli. Lakini Nabali aliingia taabuni kwa sababu aliwanyima chakula vijana wa Daudi waliowalinda wachungaji wake. Na kama jina ndilo linalomwongoza mtu, utasemaje juu ya Absalomu? Jina lake ni baba wa amani, naye alimpiga vita babaye mwenyewe. Utasemaje juu ya Yuda Iskariote? Yuda ni jina la sifa.

Na sasa neno kwa sisi tunaowaita wengine. Wachungaji wenzangu, zamani za misheni mtu aliyetaka kubatizwa aliambiwa mara nyingi achague jina la Biblia au la Kizungu, na wengi wakaelewa kwamba maji ya ubatizo yalikuja kulifuta jina la nyumbani. Someni Wafilipi 2:25. Mtume Paulo anamsifu Epafrodito, ndugu yake na mtenda kazi pamoja naye. Na jina Epafrodito latokana na Afrodito, mungu mke wa mapenzi wa Wayunani! Ni jina lenye kuaibisha katika kanisa kuliko Shida au Tabu. Paulo aliliandika wazi katika barua iliyosomwa mbele ya kusanyiko zima, wala hakumwomba apate jina jingine.

Naomi aliporudi Bethlehemu akiwa mjane, amewazika wana wawili, aliwaambia wanawake wa mji wasimwite Naomi tena, wamwite Mara, yaani uchungu. Soma kitabu cha Ruthu mpaka mwisho. Hakuna hata mmoja anayemwita Mara. Mtoto wa Ruthu alipozaliwa, wanawake wale wale walisema kwamba Naomi amepata mwana. Hawakubishana naye siku ile ya kilio. Ila hawakulitumia jina lile. Hivyo ndivyo jirani awezavyo kufanya. Na kama huyo binti wa kwaya ataitwa kwa majina yake yote Jumapili ijayo, anayesoma na alisome jina lake polepole, kwa sauti ile ile aliyosomea jina la bwana arusi, na benchi za nyuma zinyamaze.

Nawe mwenye jina hilo, juma hili mwulize mama yako, au shangazi, au jirani aliyekuwapo ulipozaliwa: mwaka ule kulitokea nini nyumbani kwetu? Wengine hawajauliza hata mara moja, wakiogopa jibu. Uliza ukiwa umeketi naye, pasipo hasira. Na ninyi wazazi, msingoje kuulizwa.

Tuombe. Ee Baba, Wewe ulimsikia Yabesi. Kesho asubuhi majina yataitwa tena shuleni na hospitalini. Uwe karibu na wale ambao mioyo yao itapiga haraka. Uwakumbuke mama zao, na watoto wale waliozikwa kabla yao. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.