Muziki na Maumivu ya Mgonjwa

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya muziki, nao si muziki wa arusini, bali ule wa kumtuliza mgonjwa anapotibiwa.

Nchi hii ya Temeke na Kinondoni, kabla mji haujaifikia, ilikuwa mashamba na vijiji vya Wazaramo. Mtoto alipoingia jandoni hakuachwa peke yake na kisu. Watu waliimba na ngoma zikapigwa. Mwenye hofu huumia mara mbili: huumia kabla ya kuguswa, na huumia tena akiguswa.

Jambo hilo wataalamu nao wamelichungua. Mwaka 1914 daktari mpasuaji wa Marekani, Evan O'Neill Kane, aliandika habari za kupiga santuri katika chumba cha kupasulia ili kuwaliwaza wagonjwa. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza ya kuwa habari ya maumivu hupita katika uti wa mgongo kama mtu apitaye mlangoni, na ubongo waweza kuubana mlango huo. Kisha mwaka 2015 gazeti la madaktari, The Lancet, lilitoa matokeo ya majaribio 73 yaliyokusanywa pamoja. Wagonjwa waliosikilizishwa muziki walipungukiwa na maumivu na wasiwasi baada ya kupasuliwa, wakahitaji dawa chache zaidi za maumivu. Hata waliokuwa wamelala usingizi wa dawa walipata nafuu, ingawa ndogo kuliko ya waliokuwa macho.

Jambo hili latupasa sisi hasa. Fikirini mama wa Tandika au wa Tandale ambaye mtoto wake ameungua maji ya moto, naye hana budi kupelekwa mara kwa mara kusafishwa kidonda. Kama siku ya kwanza mtoto alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, siku ya pili moyo wa mama husita. Akikaa nyumbani, kidonda huoza. Basi wimbo mdogo waweza kuwa sababu ya mtoto kurudishwa hospitali.

Lakini yafaa kushika mambo matatu. Kwanza, mgonjwa achague mwenyewe. Taarabu inayompendeza huyu yaweza kumkumbusha yule marehemu wake. Pili, ombeni ruhusa kwa daktari au muuguzi, na sauti iwe ya chini, ili maneno yao yasikike na wagonjwa wengine wasiudhike. Simu ndogo kando ya mto yatosha. Na pasipo simu, mama na aimbe wimbo ule ule anaombembelezea mwanawe usiku. Tatu, wimbo si dawa ya ganzi. Asiwepo mtu wa kunyimwa ganzi kwa kuambiwa, "Sikiliza muziki, utapoa." Muziki ni msaidizi wa dawa, wala hauwezi kukaa mahali pake.